Laibrari kutokuwa main haimaanishi ni mbovu

Jamaa ninayeshea naye banda la kompyuta hapa Mwanjelwa, Mbeya, juzi kaniambia laibrari ya video (kodi ambayo programu zinaitumia kuchezesha video) ikiwa universe, fungu la programu zinazotunzwa na jamii kwenye mfumo wa Ubuntu, usimwekee mteja, eti ingekuwa nzima wangeiweka main, fungu linalotunzwa na Canonical, kampuni ya Ubuntu. Hii naisikia sana na inaniuma, maana bila laibrari hiyo prosesa inahangaika peke yake, watu wanabaki na laptop feni inaunguruma kisa video ya dakika tano.

Main na universe sio maksi za ubora jamani, ni swala la nani anabeba mzigo. Kitu kikiingia main Canonical wanajifunga kukitunza, ndo maana kabla ya kukipokea wanakikagua, kuna timu gani itapokea ripoti za hitilafu zake, majaribio yanapita kikijengwa, matundu ya usalama huko nyuma yalizibwa vipi, na vitu inavyovitegemea navyo viko main au bado. Kwa video wako sahihi kabisa kuwa wakali, faili linatoka popote, hata kwa mtu usiyemjua.

Na kuingia main hakukuongezei spidi. Chukua libva, laibrari ya video iliyoanzishwa na Intel, yenyewe ni dalali tu kati ya programu na chipu, kazi inafanywa na chipu ya grafiki kupitia draiva. Andika vainfo (amri ya kuonyesha chipu inafungua video zipi) kwenye terminal, ukiona VAProfileH264 pembeni yake VAEntrypointVLD basi chipu inafungua H264, moja ya namna za kubana video. Jana laptop ya mwalimu mmoja, ya Haswell (kizazi cha zamani cha chipu za Intel), H264 ipo ila VP9, namna nyingine ya kubana video, hamna, na YouTube ilikuwa inamletea VP9, prosesa ikabeba yote peke yake.