Je, wajua? Benki hulipia karatasi, si kahawa

Tuseme kontena la futi 20 linaondoka Moshi na magunia 320 ya arabika, kila gunia kilo 60, jumla kilo 19,200. Mnunuzi yuko Hamburg na malipo ni kwa barua ya mkopo, ile ambayo wafanyabiashara huiita LC tu. Kahawa inafika imeota ukungu, na benki imeshalipa. Msimu unaofuata linakwenda kontena jingine, kahawa safi ya daraja AA, na benki inagoma kulipa kwa sababu hati moja imeandika magunia 319. Mtu wa kawaida atasema benki hiyo haina akili. Kumbe mara zote mbili imefanya kazi yake sawasawa.

Kinachowachanganya wengi ni imani kwamba LC ni dhamana ya mzigo: kwamba benki inasimama katikati, inahakikisha kahawa ni nzuri, kisha ndipo inatoa fedha. Muuzaji huamini hivyo na kulala usingizi kwa sababu anajua kahawa yake ni nzuri. Mnunuzi naye huamini hivyo na kulala kwa sababu anadhani akilalamika malipo yatasimama. Wote wawili wamelalia pabaya.

LC ni ahadi ya benki yenye masharti, na masharti yote ni ya karatasi: nitalipa kiasi hiki, nikiletewa hati hizi, kabla ya tarehe hii. Kanuni zinazotawala karibu LC zote za biashara duniani, zinazoitwa UCP 600, zinalisema jambo hili bila kuzunguka. Kifungu cha 4 kinasema LC ni shughuli iliyotengana na mkataba wa mauzo, hata kama LC yenyewe imeutaja mkataba huo. Kifungu cha 5 kinasema benki hushughulika na nyaraka, si bidhaa wala huduma zinazohusika na nyaraka hizo. Kifungu cha 34 kinamalizia kazi: benki haiwajibiki kwa ukweli au uhalali wa hati, wala kwa ubora, uzito au hata kuwepo kwa bidhaa zilizotajwa humo. Naam, hata kuwepo.

Kwa hiyo mnunuzi anayepiga simu benki akisema "msilipe, kahawa imeoza" atajibiwa kwa adabu kwamba benki haikununua kahawa. Ugomvi wake na muuzaji ni wa mkataba wa mauzo, na una njia yake: mazungumzo, usuluhishi, au mahakama. Chini ya UCP 600 LC haiwezi kufutwa na upande mmoja hata kama haikuandikwa hivyo. Ahadi ikishatoka, imetoka.

Imani hiyo ina ndugu yake, nayo huumiza zaidi upande wa huku kwetu. Tawi la benki la Moshi au Arusha linapokuita na kukukabidhi LC iliyotoka Ujerumani, si lazima liwe limeahidi kukulipa chochote. Benki inayotaarifu huhakikisha tu kwamba LC inaonekana ni ya kweli na kwamba taarifa iliyokupa ni sawa na ile iliyopokea, basi. Aliyeahidi ni benki iliyotoa, iliyoko huko ng'ambo. Ukitaka benki ya pili nayo ibebe mzigo wa kulipa, LC inatakiwa ithibitishwe, na uthibitisho una ada yake. Wauzaji wengi hukwepa ada hiyo halafu hushangaa tawi linapowaambia wasubiri jibu la Hamburg.

Na hizo UCP zenyewe ni sheria ya nani? Si ya nchi yoyote. Hazikupitishwa na bunge wala si mkataba wa Umoja wa Mataifa. Zilitungwa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara ya Paris, ambayo ni taasisi binafsi. Toleo la kwanza lilitoka 1933, mwaka uleule ambao KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, iliundwa Moshi (mambo hayo mawili hayahusiani kabisa, lakini inapendeza kuyaona yana umri mmoja). Toleo la sasa lina vifungu 39 na lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2007. Nguvu yake inatokana na sentensi moja ndani ya LC inayosema LC hii inaongozwa na UCP 600. Sentensi hiyo ikikosekana, kanuni hizo zinabaki kuwa kijitabu tu, na utaanza kuhangaika na sheria ya nchi moja moja.

Namna benki inavyosoma nyaraka inaeleweka vizuri ukifikiria kifurushi kinachotumwa kwa basi kutoka stendi ya Moshi kwenda Dar. Ukikabidhi boksi, unapewa risiti yenye namba, na namba hiyohiyo inaandikwa kwenye boksi. Kule Dar karani hafungui boksi. Hajui kama ndani kuna viatu au parachichi, na hataki kujua. Anachofanya ni kulinganisha risiti na maandishi ya juu ya boksi. Risiti ikisema 0147 na boksi likisema 0174, hukabidhiwi, hata kama jina lako limeandikwa kwa herufi kubwa na wewe unalitambua boksi lako kwa mbali. Ukimwambia "nifungulie uone, ni viatu vyangu", atakataa, na ana sababu: siku akianza kufungua maboksi, kila ugomvi wa viatu utakuwa wake. Na kama risiti na namba vinalingana, anatoa boksi bila swali, hata ndani kukiwa na tofali. Benki ni karani huyo. Tofauti ni kwamba anachotoa ni fedha, na badala ya risiti moja anasoma hati tano, saba, wakati mwingine kumi, zote zikitakiwa zisipingane.

Kwa kahawa ya kaskazini, kifurushi cha nyaraka kwa kawaida huwa na ankara, hati ya shehena (BL) kutoka kampuni ya meli, orodha ya magunia, cheti cha uasili, cheti cha usafi wa mimea cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ambayo makao yake makuu yako Arusha, na cheti cha uzito au ubora ikiwa LC imekitaka. Kila moja hutoka ofisi tofauti, imeandikwa na mtu tofauti, siku tofauti. Hapo ndipo magunia 320 yanapogeuka 319: mtu mmoja amehesabu vibaya au amekosea kuchapa.

Mbona gunia moja tu likatae kusamehewa? Kwanza, kwa sababu hati zinapingana; pili, kwa sababu ya namna LC ilivyoandikwa. Kifungu cha 30 kinaruhusu idadi ipungue au izidi kwa asilimia 5, lakini si pale LC inapotaja idadi ya vifurushi. LC iliyoandika "kilo 19,200" inakubali chochote kati ya kilo 18,240 na 20,160, mradi fedha inayodaiwa haizidi kiasi cha LC. LC iliyoandika "magunia 320" haina huruma hiyo. Neno "takriban" likiwekwa mbele ya idadi linaleta uhuru wa asilimia 10. Kahawa ni ileile na kontena ni lilelile, ila muuzaji aliyeisoma rasimu ya LC kabla haijatolewa na kuomba neno hilo liongezwe amejiwekea nafasi ya kupumua.

Kanuni hizi si katili kila mahali, na hapa ndipo zinapochekesha kidogo. Anwani ya kampuni ikitofautiana kati ya hati na hati, S.L.P. moja hapa na nyingine pale, si kosa mradi nchi ni moja. Namba za simu na barua pepe hazihesabiwi. Ila ukiandika anwani ya mnunuzi kwenye hati ya shehena kama mpokeaji au mtu wa kutaarifiwa, hapo lazima ifanane na LC. Kuhusu kuhamisha mzigo kutoka meli moja hadi nyingine: LC inaweza kukataza kabisa, na bado hati ya shehena inayosema mzigo utahamishwa ikakubalika, ikiwa inaonyesha mzigo uko ndani ya kontena na hati hiyo moja inafunika safari nzima. Kifungu cha 20 kinasema hivyo waziwazi. Anayetaka katazo lake liheshimiwe inambidi akiondoe kifungu hicho ndani ya LC yenyewe.

Maelezo ya bidhaa ndiyo mtego mkubwa. Kwenye ankara lazima yaendane na ya LC. Kwenye hati nyingine yanaweza kuwa ya jumla, mradi hayapingani nayo. Mahakama hazikuwa na ulegevu huo kila mara. Kuna kesi maarufu ya Uingereza iliyoamuliwa mwaka 1942, Rayner dhidi ya Hambro's Bank, ambayo LC ilitaka "karanga za Coromandel". Ankara iliandika hivyohivyo, lakini hati ya shehena ikaandika karanga zilizobanguliwa kwa mashine. Kila mfanyabiashara wa karanga London alijua ni kitu kimoja. Benki ikakataa, na mahakama ikaiunga mkono: benki haitarajiwi kujua desturi za maelfu ya biashara ambazo inazitolea fedha. Leo, chini ya UCP 600, huenda hati ile ingepita. Hata hivyo hoja ya majaji ingali hai, na ndiyo inayofanya karani wa Hamburg asijali kwamba Moshi nzima inajua ulichokusudia.

Benki ina siku tano za kazi kukagua. Ikikataa, lazima itoe taarifa moja, itaje kila hitilafu, na iseme nyaraka imeziweka wapi. Ikichelewa au ikisahau hitilafu fulani, haiwezi kuizusha baadaye. Utangulizi wa UCP 600 unataja kwamba tafiti zilionyesha takriban asilimia 70 ya nyaraka zilikuwa zikikataliwa mara ya kwanza. Utangulizi huo hauelezi tafiti hizo zilifanywaje, na ni takwimu za kabla ya 2007, kwa hiyo ichukue kama dalili, si kipimo. Kukataliwa pia si mwisho: benki inaweza kumuuliza mnunuzi kama anasamehe hitilafu. Bei ya dunia ikiwa imepanda, mnunuzi husamehe haraka. Ikiwa imeshuka, gunia moja lililokosekana kwenye karatasi huwa sababu nzuri ya kuomba punguzo.

Sasa, tapeli je? UCP 600 iko kimya kuhusu udanganyifu, imewaachia mahakimu. Kesi inayotajwa sana ni ya New York, 1941, Sztejn dhidi ya J. Henry Schroder Banking Corporation. Mnunuzi alidai kwamba muuzaji wa India alipaswa kupeleka nywele ngumu za kutengenezea brashi, lakini akajaza makasha 50 nywele za ng'ombe na takataka, kisha akatengeneza nyaraka safi kabisa. Jaji, akichukulia kwa muda kwamba madai hayo ni kweli, alikataa kuifuta kesi: benki isilazimishwe kumlipa mdanganyifu aliyejulikana kabla ya malipo. Angalia mpaka ulivyo mwembamba. Kahawa mbovu haitoshi. Lazima uwepo udanganyifu wa muuzaji mwenyewe, uwe dhahiri, na ubainike kabla fedha hazijatoka. Uingereza ilienda mbali zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1980: tarehe ya kupakia ilipoghushiwa na mfanyakazi wa wakala wa upakiaji, tarehe 15 Desemba badala ya 16, bila muuzaji kujua, mahakama ya juu iliona hilo peke yake halimnyimi muuzaji malipo yake.

Kwa Tanzania maamuzi hayo yanaweza kuishawishi mahakama, lakini hayailazimishi. Sheria yetu ilipokea sheria ya kawaida ya Uingereza (common law, ile inayotokana na maamuzi ya majaji) kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na kesi hizi zote zilikuja baadaye. Na anayedhani ugomvi kama huu utasikilizwa kwenye mahakama kubwa zilizoko Arusha amepotea njia: Mahakama ya Afrika Mashariki inatafsiri Mkataba wa Jumuiya, na Mahakama ya Afrika ni ya haki za binadamu na watu. Zuio la malipo huombwa mahakama za kawaida, kwa mfano Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, yenye masjala Arusha; na ikiwa benki inayolipa iko Hamburg, mara nyingi ni huko ndiko litakakokuwa na meno. Ugomvi wa ubora wenyewe hupelekwa kwenye usuluhishi mkataba wa mauzo ukisema hivyo, na tuzo yake, yaani uamuzi wa wasuluhishi, hukaziwa kupitia Mkataba wa New York wa 1958, ambao Tanzania ilijiunga nao 1964.

Mnunuzi anayetaka kujilinda hufanya hivyo mapema, kwa kudai hati inayobeba ukweli anaoutaka: cheti cha ubora kilichotolewa na kampuni huru ya ukaguzi iliyotajwa kwa jina, baada ya sampuli kuchukuliwa wakati wa kupakia. Kuandika tu "cheti cha ubora" bila kusema nani akitoe ni kumwachia muuzaji ajipe maksi mwenyewe. Muuzaji naye ahesabu siku. Hati halisi ya shehena inatakiwa ifike benki ndani ya siku 21 tangu kupakia, kama LC haikutaja muda mwingine, na kwa vyovyote kabla LC haijaisha. Siku ya mwisho ikiangukia siku ambayo benki imefungwa, mathalani Nane Nane, muda wa kuwasilisha unasogea hadi siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Siku ya mwisho ya kupakia haisogei.