Sanamu ya Piccadilly na deni la Alfred Gilbert

Pale Piccadilly Circus, katikati ya London, kijana mwenye mabawa amesimama kwa mguu mmoja juu ya chemchemi ya shaba, upinde mkononi. Watu humwita Eros, mungu wa mahaba wa Wagiriki wa kale. Aliyemtengeneza, Alfred Gilbert, hakumpa jina hilo. Alimkusudia awe Anteros, nduguye Eros, yaani upendo unaotoa bila kujitafutia chochote. Na chemchemi yenyewe haikujengewa wapenzi. Ni ukumbusho wa Lord Shaftesbury, aliyefariki mwaka 1885 baada ya kuwapigania watoto wa maskini karibu maisha yake yote. Sheria ya mwaka 1842 iliyowaondoa wanawake, wasichana, na wavulana wa chini ya miaka 10 katika mashimo ya makaa ya mawe ilikuwa kazi yake. Alipigania pia vijana wa viwandani wasifanyishwe kazi zaidi ya saa 10 kwa siku, na watoto wasitumwe tena kupanda ndani ya mabomba ya moshi kuyasafisha.

Sisi wa makumbusho tukizungumza na umma kuhusu sanamu hii, karibu kila swali huwa ni la jina. Ningefurahi zaidi watu wakiuliza mambo mawili mengine: imetengenezwa kwa kitu gani, na nani aliilipia. Ukiyajua hayo mawili, umeyajua maisha ya Gilbert.

Alizaliwa London tarehe 12 Agosti 1854, baba na mama wote wanamuziki. Alitazamiwa kuwa daktari, lakini aliomba ufadhili wa masomo katika Hospitali ya Middlesex akaukosa, ndipo akageukia shule za sanaa. Alifanya kazi pia katika karakana ya Joseph Edgar Boehm, msanii aliyependwa sana na Malkia Victoria. Mwaka 1876 alimwoa binamu yake Alice, baada ya wawili hao kutoroka kwao. Wakaishi Paris, Gilbert akisoma École des Beaux-Arts, na mwaka 1878 wakahamia Italia.

Kiswahili humwita mtu wa kazi hii mchongaji, na neno hilo linatukaa vizuri kwa sababu tunamfikiria fundi wa mpingo: anaanza na gogo, anapunguza, mpaka umbo litoke. Gilbert alichonga marumaru alipokuwa kijana, lakini mkono wake kwa kweli ulikuwa wa mfinyanzi. Aliongeza badala ya kupunguza. Alishika udongo na nta, akavuta, akabana, akaacha alama za vidole, na alama hizo alitaka zifike mpaka kwenye shaba. Hapo ndipo ilipokuwa shida. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na mafundi hodari wa kuyeyusha shaba, ila wengi walitumia kalibu za mchanga: sanamu ilimiminwa vipande vipande, ikaunganishwa, kisha fundi mwingine akaipiga tupa mpaka ikawa laini. Alama ya kidole ilipotea njiani.

Huko Florence, Gilbert alizikuta kazi za Donatello na Cellini, za miaka ya 1400 na 1500, na akaona shaba inaweza kubeba kila mkunjo. Siri yake ni nta. Fundi hutengeneza umbo la nta lenye unene uleule unaotakiwa kwa shaba, ndani yake likiwa na kiini cha udongo au jasi. Huliwekea mirija ya nta, kisha hulizungushia kalibu na kulichoma tanurini. Nta huyeyuka na kutoka, ikiacha nafasi tupu. Shaba iliyoyeyushwa humiminwa kwenye nafasi hiyo, na ikipoa kalibu huvunjwa. Kwa hiyo kila kalibu hutumika mara moja tu. Hewa ikinasa ndani, au shaba ikipoa kabla ya kufika kila pembe, kazi ya miezi imekwenda na maji.

Msomaji wa pwani yetu asidhani hili ni jambo la mbali. Siwa ya shaba ya Lamu, ile pembe kubwa ya kupulizwa kwenye sherehe, ambayo mtu anaweza kuiona hadi leo katika makumbusho ya mji huo, ilimiminwa kwa njia hiyohiyo ya nta. Mafundi wa Benin, katika Nigeria ya leo, walikuwa nayo kwa karne nyingi. Mwaka 1897 jeshi la Uingereza lilivamia Benin na kupora maelfu ya kazi zao, na zilipofika London wataalamu walistaajabia ufundi ambao wasanii wa Uingereza wenyewe walikuwa ndio kwanza wanajifunza upya. Jambo hili naona lisemwe kila Gilbert anaposifiwa kwa kuirudisha njia ya nta nchini kwake.

Sanamu yake ya kwanza ya shaba, Perseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, akijivika silaha, ilimiminwa Italia, ambako karakana za njia ya nta zilikuwa bado hai. Ni kijana aliye uchi, amegeuza kiwiliwili na kutazama nyuma kisiginoni, kama mtu anayehakikisha kiatu kimekaa sawa kabla ya safari. Ilipoonyeshwa London mwaka 1882, ilimvutia Frederic Leighton, rais wa Royal Academy, chama kikuu cha wasanii wa Uingereza, akaagiza nyingine. Gilbert akampa Icarus, yule kijana wa hadithi za Kigiriki aliyeruka kwa mabawa ya nta na kuanguka baharini. Hakumwonyesha akiruka wala akianguka. Amesimama ukingoni, mabawa yamefungwa mikononi, macho yanatazama chini. Iko katika makumbusho ya taifa ya Wales, Cardiff, na kwangu hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote, hata kuliko ile ya Piccadilly. Hofu na hamu vimekaa pamoja katika shingo moja iliyoinama.

Baada ya hapo maombi ya kazi yalimiminika. Mwaka 1886 kamati ya ukumbusho wa Shaftesbury ilimpa kazi ya chemchemi. Desturi ilikuwa kumweka mheshimiwa juu ya jiwe akiwa na koti na suruali yake. Gilbert alikataa. Alitaka kitu kinachobeba maana ya matendo ya Shaftesbury, si sura yake, akaomba pia maji ya kunywa yapatikane hapo kwa kila mpita njia.

Kwa yule kijana wa juu alichagua alumini. Kwetu alumini ni sufuria ya ugali, hakuna asiyeijua. Lakini hadi miaka ya 1880 ilikuwa adimu na ghali mno, kwa sababu kuitenganisha na madini yake kulikuwa kugumu. Waamerika walipomaliza mnara wa Washington mwaka 1884, kipande kidogo cha alumini ndicho walichokiweka kileleni kama kito. Miaka miwili baadaye Hall huko Marekani na Héroult huko Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua namna ya kuipata kwa umeme, na bei ikaanza kuporomoka. Gilbert aliidaka nafasi hiyo. Uzito wa alumini ni kama theluthi moja ya ule wa shaba, ndiyo maana kijana yule anaweza kuegemeza mwili wote kwenye kifundo kimoja, bawa huku na bawa kule, na bado aonekane yuko karibu kuruka. Tena haishiki kutu kama chuma; hujivika utando mwembamba unaoilinda. Ni mojawapo ya sanamu kubwa za kwanza duniani kumiminwa kwa alumini.

Chemchemi ilizinduliwa mwezi Juni 1893, na malalamiko hayakukawia. Beseni la chini lilikuwa dogo kuliko alivyotaka, hivyo maji yaliwarukia wapita njia na ikabidi yapunguzwe. Vikombe vya kunywea viliharibiwa na kuibwa. Wengine walikasirishwa na uchi wa kijana. Lakini lililomuumiza Gilbert ni fedha. Alilipwa pauni 3,000, na gharama zilifika kama pauni 7,000. Tofauti ilitoka mfukoni mwake.

Watu wengi humwita mwathirika wa kamati ile. Kwa sehemu ni kweli. Ila tukiangalia kazi zake zote tunaona tabia ileile: alikubali bei kabla hajajua kazi itakuwa kubwa kiasi gani, na mara tu alipoanza, hakuweza kuacha kuiongezea. Mkono ulijua kila kitu kuhusu shaba, hesabu hakuiweza.

Kazi iliyommaliza ilitoka ikulu. Mwezi Januari 1892 Prince Albert Victor, Duke wa Clarence, mjukuu wa Malkia Victoria, alifariki kwa mafua makali akiwa na miaka 28. Wazazi wake, waliokuja kuwa Mfalme Edward wa Saba na Malkia Alexandra, walimwomba Gilbert atengeneze kaburi katika kanisa dogo la Windsor. Alibuni uzio wa shaba wenye malaika, na kwenye uzio huo watakatifu 12, wadogo, kila mmoja ana ulimwengu wake. Mtakatifu George alimiminwa kwa alumini. Bikira Maria amesimama katikati ya mti wa waridi. Ni kazi ya kutazamwa kwa karibu, polepole, kama mtu anavyosoma utenzi. Lakini watakatifu watano hawakufika. Mwaka ukaisha, wa pili, wa tano. Gilbert alikuwa amejenga nyumba kubwa Maida Vale, madeni yakawa yamemfika shingoni, na mwaka 1899 aliuza kwa mfanyabiashara baadhi ya sanamu za watakatifu wa kaburi lilelile. Mfalme hakumsamehe.

Mwaka 1901 alitangazwa muflisi. Alivunja mifano mingi ya jasi iliyokuwa karakanani mwake, akahamia Bruges nchini Ubelgiji. Mwaka 1908 alijiondoa Royal Academy, na kwa miaka mingi jina lake lilitajwa London kwa sauti ya chini. Ndoa yake na Alice ilivunjika.

Aliyemrudisha ni Mfalme George wa Tano, mdogo wake yule marehemu wa Windsor. Mwaka 1926 Gilbert, mzee wa miaka 72, alirudi Uingereza, akafinyanga watakatifu watano waliobaki, na kaburi likakamilika mwaka 1928, miaka 36 baada ya msiba. Malkia Alexandra, mama aliyeliagiza, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1925.

Kazi yake kubwa ya mwisho ikawa ukumbusho wa mama huyo. Uko kwenye ukuta wa Marlborough House, ng'ambo ya barabara kutoka kasri la St James's: wanawake wa shaba, Imani, Tumaini na Upendo, mavazi yao yakitiririka kama nta iliyoanza kuyeyuka. Ulizinduliwa tarehe 8 Juni 1932. Kesho yake Gilbert alipewa cheo cha Sir, na mwaka huohuo Royal Academy ikampokea tena. Alifariki tarehe 4 Novemba 1934.