Nafasi zisizotakiwa kwenye kazi iliyochapwa: tunayoamini na yaliyo kweli

Muda wa kudepoze TFC na memwari, zile kazi za kumalizia masomo ya chuo, ukikaribia, sekretariati za Bukavu, yaani vibanda vya kuandika na kuchapisha kwa kompyuta, hujaa watu kuanzia Nyawera hadi Kadutu. Mwanafunzi anatoa flashi, faili linafunguliwa, karatasi zinatoka, kumbe maneno yametawanyika, ukurasa mmoja umebaki nusu mweupe, na jina la mwalimu kwenye jalada limerukia mstari wa chini. Lawama huangukia mashine, au kijana anayeichapisha. Na kwa kuwa kila ukurasa hulipiwa, aliyeharibikiwa hulipa mara mbili. Ni hela iliyokusanywa kwa shida, na mara nyingi dawa imo ndani ya faili lenyewe.

“Printa imeharibu kazi yangu”

Printa haijui neno ni nini. Inapokea ukurasa ambao programu imekwisha kuupanga, kisha inaweka wino pale inapoamriwa. Printa yenye kasoro hujulikana kwa dalili zake: michirizi myeupe, herufi zenye kivuli, upande mmoja uliofifia kwa sababu tona inaisha, au karatasi iliyoingia upande. Haina uwezo wa kuachanisha maneno ya mstari mmoja huku mstari unaofuata ukibaki salama.

Jambo moja ni lake kweli: ukingo wa karatasi. Printa nyingi za ofisini haziwezi kuweka wino hadi ukingoni kabisa, huacha milimita chache. Anayebana pambizo kupita kiasi ili kupunguza kurasa ataona maandishi yamekatwa.

Kipimo kipo, na hakili karatasi hata moja. Hifadhi kazi kama PDF, ikuze, uitazame. Nafasi mbaya ikiwa imo ndani ya PDF, printa haina kosa. PDF ikiwa safi na karatasi ikatoka vibaya, kagua mipangilio ya kuchapa.

“Kwenye laptop ilikuwa sawa, basi faili ni zima”

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu zaidi, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Faili la Word kwa kawaida halibebi fonti, yaani michoro ya herufi zenyewe. Linabeba jina la fonti tu, na kompyuta inayolifungua hutafuta jina hilo kwenye hazina yake. Ni kama kumtumia fundi cherehani jina la kitenge bila kitenge chenyewe: atashona kwa alichonacho. Fonti isipopatikana, programu huweka nyingine badala yake, bila kelele. Herufi za fonti hiyo zikiwa pana kidogo tu, neno la mwisho hushuka mstari, aya huongezeka mstari mmoja, na kufika ukurasa wa arobaini kila kitu kimesogea, hata yaliyomo hayalingani tena na namba za kurasa.

Hatari huongezeka kazi inapopita kwenye programu tofauti: imeanzwa kwenye simu, ikaendelezwa kwenye LibreOffice ya rafiki, ikachapwa kwenye Word ya mjini. Kuna fonti zilizochorwa makusudi ili kupunguza balaa hilo. Liberation Serif ina herufi zenye upana uleule wa Times New Roman, na Carlito ni vivyo hivyo kwa Calibri, kwa hiyo zikibadilishana mistari husogea kidogo sana. Lakini ukiandika kwa fonti ya urembo uliyoipakua mtandaoni, usitegemee kuikuta sekretariati.

Dawa ya kwanza ni kutengeneza PDF kwenye kompyuta ileile uliyomalizia kazi. Word 2010 na zilizofuata hufanya hivyo zenyewe. Word 2007 ya mwanzo ilihitaji nyongeza. Ikiwa lazima upeleke faili la Word, ingia “Fichier”, “Options”, “Enregistrement”, weka alama kwenye “Incorporer les polices dans le fichier”. Fonti nyingine haziruhusu kupachikwa hivyo, kwa hiyo PDF ndiyo ninayoiamini zaidi.

Na skrini nayo hukosea kwa upande wa pili. Windows huchora herufi kwa kipimo cha kawaida cha nukta 96 kwa inchi, wakati printa nyingi za leza huchapa nukta 600. Kwa sababu hiyo “kitabu” huweza kuonekana kama “ki tabu” kwenye skrini na kutoka kizima kwenye karatasi. Kuza hadi asilimia 200 kabla ya kuanza kufuta nafasi ambayo haipo.

“Ukinyoosha pande zote mbili, maneno lazima yatawanyike”

Watu wengi huacha kunyoosha maandishi kwa sababu ya hofu hii. Kunyoosha hupanua nafasi kidogo katika kila mstari, hilo ni kweli, lakini mstari wa mwisho wa aya huachwa ulivyo. Tatizo kubwa huanza pale mstari mfupi, wenye maneno matatu tu, unapovutwa ukajaza sentimita zote 16 zinazobaki kwenye A4 yenye pambizo za 2,5. Hapo mara nyingi kuna mtu aliyebonyeza Shift pamoja na Entrée. Alama hiyo hushusha mstari bila kumaliza aya, na Word huona bado yuko katikati ya aya, kwa hiyo hunyoosha.

Bonyeza kitufe chenye alama ¶ kwenye “Accueil”, na yote yaliyofichika yatatokea. Nukta ndogo ni nafasi ya kawaida. Duara dogo juu ni nafasi isiyokatika, ile inayofunga maneno mawili yasitengane mwishoni mwa mstari. Mshale mnyoofu ni tabo, mshale uliopinda ni mstari ulioshushwa, na ¶ ni mwisho wa aya. Mtu akishazoea kusoma alama hizi, hana haja ya kubahatisha tena.

Mishale iliyopinda ikiwa mingi, fungua Ctrl+H, tafuta ^l (herufi l ndogo), weka ^p badala yake. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka PDF huwa na ugonjwa tofauti: kila mstari umeishia na ¶. Hapo fanya kazi kwenye nakala, kwa hatua tatu. Ikiwa aya zimetengwa na mstari mtupu, badilisha kwanza ^p^p kuwa ###. Kisha badilisha ^p kuwa nafasi moja. Mwisho rudisha ### kuwa ^p. Ukiruka hatua ya kwanza, memwari nzima itakuwa aya moja.

“Kompyuta inajua kuandika, ikiongeza nafasi iache”

Kompyuta zetu nyingi zimewekwa kwa Kifaransa. Katika uchapaji wa Kifaransa cha Ufaransa kuna nafasi kabla ya nukta mbili, nukta mkato, alama ya kuuliza na ya mshangao, na Word huiweka yenyewe, tena ile isiyokatika. Kwa kazi ya Kifaransa ni sahihi kabisa. Lakini tunapoandika Kiswahili, barua ya kanisa, tangazo la mtaa au dodoso la utafiti, nafasi hiyo haina kazi. Chagua maandishi yote, ingia “Révision”, “Langue”, uyatambulishe kuwa ni Kiswahili. Zile zilizokwisha kuingia zitolewe kwa Ctrl+H: tafuta ^s ikifuatiwa na alama yenyewe, uibadilishe kwa alama peke yake.

Ukataji wa maneno nao hufuata lugha iliyowekwa. Kiswahili kina maneno marefu kama “wanayoyashughulikia”, na yasipokatwa huacha mapengo mistari inaponyooshwa. Ukiwasha “Coupure de mots” huku Word ikidhani unaandika Kifaransa, neno litakatwa kwa kanuni za Kifaransa. Soma kwa jicho lako kabla ya kuchapa.

“Espesi chache zitapanga majina vizuri”

Tazama jalada la TFC: kushoto jina la mwanafunzi, kulia “Directeur” na chini yake “Encadreur”. Wengi hubonyeza baa ya nafasi mara thelathini hadi majina yaonekane yamelingana. Yanaonekana tu. Katika fonti kama Times New Roman i ni nyembamba na m ni pana, kwa hiyo nafasi thelathini baada ya jina moja hazikufikishi mahali pamoja na nafasi thelathini baada ya jina jingine, na fonti ikibadilika yote huyumba. Weka kituo cha tabo kwenye rula, ubonyeze Tab mara moja. Vilevile kwenye yaliyomo: nukta zinazoelekea namba ya ukurasa huwekwa na tabo yenye nukta, au na jedwali la yaliyomo la Word lenyewe. Nukta za kuandika kwa kidole hazitalingana kamwe.

“Nafasi kati ya aya inatokana na kubonyeza Entrée mara mbili tu”

Word huweka nafasi yake hata ukibonyeza mara moja. Word 2003 haikuongeza chochote baada ya aya. Word 2007 ilileta pointi 10 baada ya aya na umbali wa mistari wa 1,15. Word 2013 ikashusha hadi pointi 8 na 1,08. Pointi moja ni kama milimita 0,35. Kwa hiyo wanafunzi watano wakigawana kazi, kila mmoja na Word yake, kisha wakaziunganisha, sura moja itabana na nyingine itaachia. Chagua maandishi yote, fungua “Paragraphe”, weka namba zilezile, na utazame kama kisanduku cha “Ne pas ajouter d'espace entre les paragraphes du même style” kimewekwa alama mahali kisipotakiwa.

“Karatasi ni karatasi”

Karatasi tunayonunua Bukavu ni A4, milimita 210 kwa 297. Faili lililotengenezwa kwa desturi ya Marekani huwa Letter, 216 kwa 279. Likichapwa kwenye A4 bila kurekebishwa, nyeupe huzidi chini na upande hubana. Likipunguzwa lienee, herufi hudogoka. Badilisha “Taille” kuwa A4 mapema, kabla ya kupanga kurasa.

“Nyeupe chini ya ukurasa ni kosa”

Mara nyingi ni amri. “Paragraphes solidaires” hufunga kichwa na aya inayofuata, “Lignes solidaires” hukataza aya kukatwa, na safu ya jedwali isiyoruhusiwa kugawanyika huhamia yote ukurasa unaofuata. Ondoa alama pale zisipohitajika, lakini ziache kwenye vichwa vya habari. Na ule ukurasa mtupu unaotoka baada ya jedwali la mwisho, ambao nao hulipiwa, husababishwa na ¶ ambayo Word huiweka lazima baada ya jedwali na haikubali ifutwe. Ichague, ipe ukubwa wa pointi 1, ondoa nafasi yake ya kabla na baada, na ukurasa huo utaondoka.