Ile sheria ya riba ya 2016, nilivyoiona nikiwa ofisa wa mikopo

Kila bajeti ikikaribia huu mjadala unafufuka, serikali iwabane wafanyabiashara ama iachie soko lijiendeshe, na watu wanabishana kama ni mashabiki wa mpira wa Gor Mahia na wa Ingwe (AFC Leopards), wewe sema tu uko upande gani basi. Mimi huwa nanyamaza, manake 2016 nilikuwa ofisa wa mikopo kwenye tawi moja la benki hapa Nairobi na nilikula hiyo stori mchana na usiku miaka mitatu mizima. Leo wacha niieleze vile niliiona.

Kwa wale mlikuwa bado shule: Agosti 2016 Rais Uhuru alitia saini mswada wa mbunge wa Kiambu, Jude Njomo, na kuanzia Septemba 14 benki haikuruhusiwa kukukopesha kwa riba inayozidi ile ya Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4. Riba ya Benki Kuu ikashushwa mpaka 10 siku chache tu baadaye, kwa hivyo kikomo kikawa 14. Na ukiweka akiba yenye riba, benki ilipaswa ikulipe angalau asilimia 70 ya ile ya Benki Kuu, yaani 7. Wastani wa riba ya mikopo siku hizo ulikuwa kama 18, lakini huo ni wastani wa kila mtu pamoja na makampuni makubwa, mfanyabiashara mdogo asiye na title deed ungemkuta kwa 22, 24 na kuendelea.

Wiki ya kwanza tawini ilikuwa sherehe. Walimu, polisi, wafanyakazi wa kaunti, watu wanaingia wanatabasamu, kijana wangu hebu nipunguzie hiyo loni kama serikali ilivyosema. Na tukawapunguzia kweli, mtu na mshahara wake unapita kwetu, hatari iko wapi? Huyo sheria ilimsaidia na sitaki kusikia mtu wa benki akikana.

Sasa kulikuwa na mama mmoja wa mitumba Gikomba, mteja wangu wa miaka minne. Saa kumi alfajiri yuko pale anangoja beli zifunguliwe apate kuchagua kamera, zile nguo bora kabisa, kabla wengine hawajafika. Alikuwa akikopa laki moja, analipa mwaka mmoja, anarudi. Alikuja Oktoba akidhani sasa atapata kwa 14 kama wengine, na mimi tayari nilikuwa na barua pepe kutoka makao makuu kwamba mikopo midogo isiyo na dhamana ama mshahara isimame kwanza. Nikamwambia mfumo uko na shida. Najua, najua.

Lakini hebu tupige hesabu, manake hapa ndio mahali watu wa kelele za TV hawafikagi. Chukua akina mama kumi kama yeye, kila mmoja laki moja kwa 14, kulipa kila mwezi kwa mwaka. Kila mmoja ataleta riba kama 7,745 hivi, kwa sababu deni linapungua kila mwezi. Wote kumi, kama 77,000. Sasa mmoja wao aunguliwe na soko (na Gikomba inaungua, mnajua) baada ya kulipa miezi minne. Amebakisha kama 68,000. Hapo riba ya wale tisa pamoja na kile kidogo alicholipa huyu ni kama 73,800, toa hiyo 68,000, unabaki na elfu tano na ushee kwa kukopesha milioni moja, na bado hujanilipa mimi mshahara, hujalipa pikipiki ya kwenda kukagua kibanda, hujamlipa mwenye akiba ile 7 yake. Huku hati za serikali za siku 364, ambazo ukinunua unakuwa umeikopesha serikali, zilikuwa zikilipa karibu asilimia 11, pesa yote ikikaa kazini mwaka mzima, hakuna kibanda cha kukagua, hakuna moto. Wewe ungekuwa meneja ungefanya nini?

Kwa hivyo serikali ikashikilia bei kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili ikawa yenyewe ndiye mkopaji mkubwa aliyesimama mlangoni akitaka hela zilezile. Hiyo ndio sehemu inaniudhi mpaka leo. Ukitaka kubana riba na hujajibana wewe mwenyewe kukopa, unamtoa tu mdogo kwenye foleni.

Mama hakuacha kukopa lakini. Nilikutana naye mwaka uliofuata akanionyesha simu, apu tatu za mikopo. Na kabla ya hizo apu M-Shwari, mkopo wa kwenye M-Pesa, ilikuwepo tangu 2012, kwa ada ya asilimia 7.5 ya mkopo wa siku 30. Ada, hawakuita riba. Elfu tano unalipa 375, inaonekana kitu kidogo, lakini ukirudia kila mwezi mwaka mzima umelipa asilimia 90. Sheria ya Njomo ilikuwa imebana neno riba, na ilibana taasisi zenye leseni ya benki, sasa ile apu iliyofunguliwa na watu wenye ofisi ndogo tu na seva nje ya nchi ilikuwa haimo kabisa. Benki nazo si malaika, ile ya kulipa akiba asilimia 7 walitafuta njia, akaunti ambazo jana zilikuwa za akiba zikaamka ni akaunti za kawaida tu zisizo na riba. 2018 Bunge likaondoa hicho kipengele.

Mabenki walisema mikopo kwa watu binafsi na biashara imeanguka kwa sababu ya kikomo, kutoka kukua kwa zaidi ya asilimia 15 mwaka 2015 mpaka kama 2 mwaka 2017. Namba ni za kweli, lakini wanaruka kitu. Imperial Bank ilifungwa Oktoba 2015, Chase Bank Aprili 2016, kila meneja alikuwa na woga na ukuaji ulikuwa umeshashuka chini ya 10 kabla hata kalamu ya Rais haijagusa ile karatasi. Kikomo kilikuta mgonjwa akitetemeka kikamwongezea baridi.

Novemba 2019 kikaondolewa. Rais alikataa kusaini mswada wa fedha mpaka kitolewe, wabunge wakahitaji theluthi mbili kumpinga wakakosa hata watu wa kutosha ukumbini. Tuliambiwa sasa ushindani utashusha riba wenyewe. Ushindani gani? Corona ikaja Machi, hiyo nawasamehe, lakini 2024 Benki Kuu ilipopandisha riba yake mpaka 13 mikopo ikapanda chapchap mpaka wastani ukapita 16, halafu Benki Kuu ilipoanza kushusha, benki zikawa na usingizi, mpaka 2025 gavana wa Benki Kuu akawa anatuma wakaguzi na kutishia faini. Kupanda ni lifti, kushuka ni ngazi. Mtu akikuambia soko huru la mikopo Kenya lina ushindani muulize kuhamisha loni kutoka benki moja hadi nyingine huwa inagharimu nini, ada za wakili, stempu, usajili upya wa dhamana, mtu anachoka anabaki.

Kuna sheria moja watu hawaijui na mimi naipenda sana. Tangu 2007 mkopo wako ukishakwama, riba haiwezi kuongezeka kupita kiasi cha deni kilichokuwa kimebaki wakati unakwama. Unadaiwa laki, riba ikifika laki inasimama. Haikutaja bei, haikuzuia mtu kukopeshwa, ila imeokoa mashamba mengi kuuzwa kwa deni lililokuwa limevimba mara tano. Nimeitumia mwenyewe dhidi ya mwajiri wangu wa zamani nikimsaidia mjomba, na ofisa niliyemkuta pale alijifanya hajawahi kuisikia mpaka nilipomtajia kifungu, 44A cha Sheria ya Benki.

Apu nazo zilikuja kuguswa Machi 2022, lazima leseni ya Benki Kuu, marufuku kupigia watu walioko kwenye simu yako kuwaambia unadaiwa. Hiyo kanuni haijaweka kikomo cha riba. Mama wa Gikomba nilimuuliza kama ameona tofauti, akasema ile ya kumpigia mchungaji wake iliisha. Bei je? Akacheka, akasema bei ni ileile, lakini siku hizi anakopa Jumatatu alfajiri analipa Ijumaa, na hela kubwa ya beli anatoa kwa chama cha akina mama kumi na wawili, riba asilimia kumi kwa mwezi, na Desemba hiyo riba wanagawana wenyewe.