Mweleze mtoto: kinachomjibu kwenye simu si mtu

Kila shule zinapofungwa, maswali yanayotufikia sisi tunaoshughulikia malalamiko ya ulinzi wa data nchini Kenya hubadilika. Katikati ya muhula tunaulizwa kuhusu wakopeshaji wa mtandaoni wanaowapigia simu jamaa za wateja. Likizo ikianza, tunaulizwa kuhusu watoto na simu za wazazi, na siku hizi swali ni lile lile kwa sura nyingi: mtoto wangu anaongea na akili unde, nifanyeje?

Wengi huuliza wakitarajia tuifunge. Hatufungi programu za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuandikwa ili iamue mwanao acheze na nini sebuleni kwenu. Kumweleza mtoto ni kazi ya mzazi, na hata mtoto wa miaka mitano au sita anaelewa, mradi aelezwe kwa mambo anayoyajua.

Tuanze na kinachomchanganya. Kwenye WhatsApp kuna kile kiduara cha rangi ya bluu na zambarau, kinachofungua programu ya akili unde. Mtoto amepewa simu amtumie nyanya ujumbe wa sauti, anakibonyeza, anauliza jambo, anajibiwa papo hapo tena kwa upole. Nyanya hujibu jioni akitoka shambani. Hiki hakina shamba. Kwa mtoto, kinachojibu kina uhai, na kinachojibu upesi kinampenda. Tusimcheke. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT nchini Marekani alitoa ELIZA, programu ya kompyuta iliyochukua maneno ya mtu, ikayageuza swali na kumrudishia. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, alianza kuongea nayo, na baada ya maneno machache tu akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Huyo alikuwa mtu mzima, na alijua kabisa ni kompyuta.

Basi mketishe mtoto, mwambie amalizie: Haba na haba hujaza… Atasema kibaba. Haraka haraka haina… Baraka. Muulize amejuaje, naye atakwambia ameisikia mara nyingi. Sasa mpe hii: Jana usiku jirani yetu alikula… Atasema ugali, au chapati kama ndizo azipendazo. Hapo ndipo pa kutua. Mwambie: hukuwepo, hukuona, lakini neno umelipata na limekaa vizuri mahali pake. Programu hizi hufanya vivyo hivyo. Zimelishwa maandishi mengi mno ya watu, na kazi yake ni kukisia neno linalofuata, kisha linalofuata hilo. Mara nyingi hupatia. Zikikosea, hukosea kwa sauti ile ile ya kujiamini.

Halafu fungueni simu pamoja, muiulize programu jina la ng'ombe wa nyanya. Ama itasema haijui, ama itatunga jina. Yoyote kati ya hayo ni somo tosha. Na tafadhali msiipe programu cheo cha anko au mwalimu, maana mtoto hutii vyeo.

La pili la kumwambia ni kwamba mashine hii hupeleka anayosema kwenye kompyuta za kampuni, mbali na nyumbani, ambako yanaweza kuhifadhiwa na hata kutumika kuifundisha zaidi. Kwa hiyo hatuiambii jina letu lote, shule, mtaa tunaoishi, wala mama na baba waligombania nini. Wala hatuitumii picha tukiwa na sare ya shule.

Kuhusu picha, niseme wazi. Mzazi anayetulalamikia kwamba sura ya mwanawe imo ndani ya akili unde, mara nyingi ndiye aliyeipakia, ili ageuzwe katuni ya kuweka kwenye stetasi. Masharti ya ChatGPT yanataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13, na aliye chini ya 18 awe na ruhusa ya mzazi. Mtoto wa miaka sita hakufungua akaunti hiyo. Anatumia ya nani?

Sheria yenyewe iko hivi. Kifungu cha 33 kinakataza mdhibiti wa data (anayeamua data itumikeje) au mchakataji (anayeifanyia kazi kwa niaba yake) kuchakata data ya mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa ridhaa ya mzazi au mlezi, na kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Wale ambao kazi yao ni kutoa ushauri nasaha au ulinzi kwa mtoto tu, huenda wasihitajike kupata ridhaa hiyo. Kifungu cha 63 kinaruhusu faini ya hadi shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Anayepuuza ilani ya utekelezaji, yaani amri ya kurekebisha kosa, chini ya kifungu cha 58, anaweza kutozwa hadi shilingi milioni 5, kufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili. Si maneno matupu: Septemba 2023 shule moja jijini Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Lakini kifungu cha 51 kinaondoa shughuli za mtu binafsi au za nyumbani. Shangazi aliyemgeuza mpwa wake katuni kwa ajili ya kikundi cha familia hafikishwi kwa Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hii. Zungumzeni naye.

Malalamiko dhidi ya programu ya kujifunzia, shule au kampuni huwasilishwa kwa Kamishna kwa mdomo au kwa maandishi. Ya mdomo sharti yaandikwe. Kwa mujibu wa kifungu cha 56, uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90. Asiyeridhika na uamuzi ana haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu. Kabla ya kuja, usifute mazungumzo ya mtoto kwa hasira. Piga picha za skrini zinazoonyesha tarehe, jina la programu na namba au barua pepe iliyofungulia akaunti. Kama barua pepe hiyo ni yako, tuambie mapema.