Ukiitwa kupika nyumbani kwa mteja, hesabu siku yako kabla ya samaki

Wapishi wenzangu hapa Mombasa huniuliza swali hili kila mara: "Nimepata kazi ya chakula cha usiku nyumbani kwa mtu, Nyali, wageni wanane. Kila kichwa nimtajie shilingi ngapi?" Nami huwauliza kwanza kazi yenyewe itawachukua saa ngapi. Wengi hawajawahi kuzihesabu.

Hata mimi sikuzihesabu. Kazi yangu ya kwanza ya aina hii niliambiwa wageni 12, nikataja bei ya kila mgeni, tukakubaliana. Usiku ule walifika 6 na nikalipwa ya watu 6. Nazi za watu 12 nilikuwa nimeshazikuna, samaki nimeshawapara magamba, msaidizi wangu ameshinda nami tangu asubuhi. Nilipomlipa yeye na wa tuktuk, sikubaki na kitu. Yule mteja hakunidhulumu. Alinilipa kwa bei niliyomtajia mwenyewe, na ile bei ndiyo iliyokuwa mbovu.

Wengi wetu tumerithi hesabu ya hoteli: piga gharama ya chakula, zidisha mara tatu. Hotelini inafaa, maana sufuria moja ya biriani huuzwa tangu adhuhuri hadi usiku, na mshahara wa mpishi hugawanywa kwa sahani nyingi. Nyumbani kwa mteja unapika mara moja, kwa meza moja. Ukipikia wanne au wanane, sokoni unakwenda mara ile ile, tuktuk ni ile ile, jiko unaliwasha saa ile ile, na sinia unaziosha usiku ule ule.

Halafu kuna vyakula ambavyo ile hesabu ya mara tatu huvionea kabisa. Sambusa ni nyama kidogo na kazi nyingi: kukata manda, kukunja, kuziba kwa unga, moja moja. Mbaazi za nazi na mahamri vitu vyake ni rahisi, lakini unga unakandwa, unaumuka, unasukumwa, unakaangwa. Ukizidisha gharama ya unga na mbaazi mara tatu, umejilipa vibaya kuliko kibarua. Upande wa pili, mteja akitaka kamba wakubwa, gharama ya kamba ikizidishwa mara tatu inamuumiza yeye, na kamba huiva kwa dakika chache tu.

Kwa hiyo nagawa bei yangu mafungu mawili. La kwanza ni siku yangu, ambalo halibadiliki kwa idadi ya wageni. La pili ni chakula, ambalo hupanda na kushuka pamoja nao.

Tuchukue meza ya watu wanane: mishikaki ya kufungulia, samaki wa kupaka, kamba wa masala, wali wa nazi, mchicha, kachumbari, juisi ya ukwaju, kisha matunda, halua na kahawa ya tangawizi. Bei ninazotumia ni za mfano. Ziondoe uweke zako. Changu wa nusu kilo nusu kilo, jumla kilo 4 kwa 700, ni 2,800. Kamba kilo 2 kwa 1,200 ni 2,400. Nyama ya mishikaki kilo moja na nusu, 1,200. Mchele 330, nazi kumi 500. Mboga, ndimu, ukwaju, tangawizi na dania 1,200. Mafuta, sukari na viungo 900. Matunda na halua 1,100. Jumla 10,430. Naongeza asilimia 10 ya nazi iliyooza, nyanya iliyopondeka na kijiko kilichomwagika, nafika karibu 11,500.

Hapo kwenye kamba naomba tusimame kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza pesa bila kujua. Kilo 2 za kamba wenye vichwa na maganda, ukishawamenya, hubaki karibu kilo moja. Nyama nayo hupungua motoni, yaweza kuwa robo au hata theluthi ya uzito wake. Mtu akipanga sahani kwa uzito wa sokoni, mezani chakula kinapungua, anamtuma kijana mbio kuongeza, na nyongeza hiyo hailipwi na mtu. Pima mara moja nyumbani kwako: kamba kabla ya kumenya na baada ya kumenya, samaki mzima na minofu yake, nyama mbichi na iliyoiva. Andika kwenye daftari. Vipimo hivyo vitakufaa kwa kazi zako zote.

Sasa fungu la siku. Msaidizi 1,500, tuktuk za soko na za kwenda na kurudi 1,600, makaa na gesi 500, sabuni, karatasi za jikoni na uchakavu wa vyombo 600. Hiyo ni 4,200. Saa zangu ni hizi: kuzungumza na mteja na kupanga vyakula saa 1, soko 3, kutayarisha 5, kupika na kupakua kwake 6, kuosha na kurudisha vyombo 2. Saa 17. Nikijilipa 500 kwa saa, ni 8,500.

Ukijumlisha yote unapata 24,200, na hiyo bado si bei. Mshahara wangu umo humo, lakini biashara yenyewe haijapata kitu: cha kununulia sufuria mpya, cha mwezi usio na kazi, cha kupimwa afya ili kadi ya mpishi isipitwe na wakati. Mimi nataka asilimia 20 ya bei ibaki kwa biashara. Wengi hapa huongeza asilimia 20 juu ya gharama na kupata 29,040, wakidhani wamefika. Hawajafika. Ili asilimia 20 ya bei yote ibaki, gharama iwe asilimia 80 yake, kwa hiyo gawanya gharama kwa 0.8. Inakuja 30,250. Tofauti ni zaidi ya shilingi elfu moja kwa kazi moja, na mwisho wa mwaka inaonekana.

Gawanya 30,250 kwa wanane, unapata karibu 3,800 kwa mgeni. Ukimtajia mteja 3,800 kisha wakaja 4, utapokea 15,200, na gharama zako kwa watu 4 ni 18,450: chakula nusu, 5,750, na fungu la siku lile lile, 12,700. Umempa mteja 3,250 kutoka kwenye mshahara wako. Ndiyo maana simtajii bei ya kichwa peke yake. Nagawa kila fungu peke yake kwa 0.8: siku ya 12,700 inafika karibu 16,000, na chakula cha mgeni mmoja karibu 1,800. Kisha namwambia: 16,000 ya kuja kupika, na 1,800 kwa kila mgeni. Wanane ni 30,400. Sita ni 26,800. Wanne ni 23,200. Wakiwa 12 nahitaji msaidizi wa pili, naongeza 2,000, inakuwa 39,600. Hesabu hii mteja huielewa haraka kuliko unavyodhani, na akiongeza wageni anaona mwenyewe kuwa kila mmoja anamgharimu kidogo.

Mteja akisema ni ghali, sipunguzi bei. Napunguza chakula. "Bi mkubwa, tukiwaacha kamba tukabaki na samaki na mishikaki, bei itashuka hivi." Wengine husema watanunua vitu wenyewe ili kuokoa. Nakubali kwa masharti: orodha ni yangu, lile fungu la siku halipungui, na samaki nawachagua mimi. Nimewahi kukuta samaki aliyelala siku mbili nikatakiwa nimpake nazi. Sipiki samaki kama huyo, wala sitaki mgeni amle na kuambiwa ni upishi wangu. Ndugu na majirani ni jambo jingine. Shangazi akiniita nampikia bure kwa moyo mmoja, au ananilipa kama wengine. Bei ya nusu imenigombanisha na watu ninaowapenda.

Angalia pia kalenda. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, na samaki hupanda bei. Mteja akikupigia Machi kwa ajili ya karamu ya Julai, usimfungie bei ya Machi. Mimi huandika kuwa bei ya chakula ni ya siku 14, na baada ya hapo naihesabu upya. Mwezi wa Ramadhani navyo vitu vya futari hupanda, kwa hiyo naenda sokoni kuuliza kabla sijataja chochote.

Kabla ya kutoa bei ya mwisho naomba kuliona jiko. Jiko la umeme lenye sahani mbili zinazofanya kazi kati ya nne huongeza saa nzima. Ghorofa ya tano isiyo na lifti huongeza mtu wa kubeba. Kama hakuna mahali pa kuwasha makaa, samaki wa kupaka itabidi nimchome kwangu, na hapo tunabadilisha orodha.

Ujumbe ninaomtumia mteja ni mfupi: tarehe, vyakula vyote kwa majina, bei ya kuja na bei ya mgeni, idadi ifungwe saa 48 kabla, arubuni ya nusu kwa M-Pesa siku tatu kabla, iliyobaki kabla ya kahawa. Idadi ikishafungwa, asiyefika analipiwa, kwa sababu samaki wake ameshanunuliwa. Arubuni isipoingia siendi sokoni.

Usiku nikirudi, hata nikiwa nimechoka vipi, naandika saa nilizotumia kweli na pesa zilizotoka kweli. Zile saa 17 za leo zilikuwa 15 kwenye daftari langu la mwanzo. Nilikuwa nimesahau kuosha vyombo.