Usonji: Usiendelee kumuogesha mpaka anaota ndevu

Huku Kigoma wazazi wenye vijana wenye usonji wakija kitengo chetu cha utengamao, yaani cha kumsaidia mtu aweze kujihudumia, swali huwa ni lile lile, mimi nikifa huyu ataishi na nani. Swali la haki kabisa. Ila ukiwauliza kijana anaoga mwenyewe unakuta kimya, ana miaka 17 ndevu zimeanza kutoka na bado mama ndo anamuogesha, kuweza anaweza ila mama anawahi soko la Mwanga na akimwacha aoge mwenyewe saa nzima inaisha.

Wale wa kulogwa na majini naomba tuwapite haraka, usonji ni ubongo uliojengeka tofauti tangu mapema sana, hauna dawa ya kuumaliza na haujaletwa na malezi ya mama. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu 1 kati ya 127 anao. Wengine wanaongea vizuri na wanafika chuo, wengine hawasemi neno, kwahiyo na kujitegemea hakufanani, kuna atakayepanga chumba chake Gungu, na kuna atakayehitaji mtu wa kumwangalia maisha yote lakini anajifulia na anasonga ugali wake, na huyo nae anajitegemea jamani.

Sasa tunafundishaje. Kuoga kwako ni kitu kimoja, kwake ni vitu nane: kuchota maji, kubeba ndoo, kuvua, kujimwagia, sabuni, kusuuza, kujifuta, kuvaa. Anza na cha mwisho. Msaidie vyote halafu nguo avae mwenyewe, wiki hii hivyo tu, akishazoea ajifute na kuvaa, unarudi nyuma hatua moja moja mpaka siku unasimama nje ya bafu. Hii ya kuanzia mwisho wazazi wanaicheka lakini inafanya kazi kwasababu kila siku anamaliza yeye. Piga picha kwa simu, ndoo yake ile ile, taulo lake lile lile, kasafishe studio ubandike ukutani kwa mpangilio, wengi wao wanaelewa zaidi kwa kuona kuliko kelele zako za mlangoni.

Hela pia. Kama namba zinamsumbua tumia picha za kwenye noti, simba ni elfu mbili, kifaru elfu tano, tembo elfu kumi. Mpe simba mmoja aende duka lile lile kwa kitu kile kile, muda wa asubuhi kabla bodaboda na maspika hayajaanza, maana makelele kwa wengi wao yanauma kabisa, sio deko. Mwenye duka mweleze mapema.

Na hapa kwetu lazima niseme la Ziwa Tanganyika. Kuzama ni moja ya sababu kubwa za vifo vya watoto wenye usonji, wengi wanavutwa sana na maji na wana tabia ya kutoka nyumbani kimya kimya. Kama unakaa Kibirizi, Katonga au Ujiji mfundishe kuogelea mapema, na wavuvi wa mwaloni wamjue kwa sura na kwa jina.

Kazi zipo. Kupaki dagaa kwenye vifuko kwa mtu anayependa kitu kile kile kwa mpangilio ule ule anaweza kukushinda wewe, labda harufu imshinde, na ikimshinda usimlazimishe. Anayemwajiri asimwambie "saidia saidia hapo", aseme "weka vifuko 20 kwenye boksi, ukimaliza niite".

Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, asilimia 2 ni mikopo ya watu wenye ulemavu, mwenye usonji usimtoe humo. Kaulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na mwende na kijana mwenyewe aingie ndani akae kwenye kiti aulizwe anataka biashara gani, kama haongei aje na picha, sio mzazi anajieleza nusu saa mwenye mkopo kaachwa kwenye benchi nje.